Fundo la kanga, beseni la maji mekundu

Mama yangu alikuwa akipika vitumbua barazani kwetu Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na moja. Bango hakuwa nalo, wala jina la biashara. Alikuwa na chuma chenye vishimo saba, jiko la mkaa, na benchi moja lenye mguu mfupi uliotegewa kipande cha tofali. Mchele aliousaga jioni ulikuwa ukiumuka usiku kucha chini ya kawa, na harufu ya iliki na tui la nazi ikishafika kona ya msikiti, waliotoka kuswali alfajiri walijua njia. Mimi mtoto nilidhani huko ndiko kujiuza kwa kitu kizuri wanakokusema wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwaka 1994, nikiwa na miaka tisa, biashara ile ilikufa ndani ya wiki moja. Vitumbua ni vile vile, iliki ile ile. Lakini saa mbili asubuhi sinia bado limejaa, nzi wameanza kuja, mama anatutuma tupeleke vya bure kwa majirani, navyo vinarudi: "Mwambieni mama ahsante, leo tumeshakunywa chai." Siku tatu mfululizo mtaa mzima umeshakunywa chai. Aliyetufumbua macho ni mtoto mwenzangu wa shule, kwa ile lugha ya watoto isiyojua kuzunguka mbuyu: mama yako ana chuma ulete.

Kwa ambaye hakukulia kwetu, chuma ulete ni uchawi wa pesa. Mwenye nao akikupa chenji, ile chenji ikifika kwako inaita wenzake, na jioni ukihesabu unakuta pesa yako imemfuata yeye. Hakuna anayeweza kuthibitisha na hakuna anayeweza kukanusha, maana nani kati yetu hajawahi kuhesabu hela jioni akaona imepungua? Uvumi mzuri huwa hivyo. Unapanda juu ya jambo ambalo kila mtu limeshamtokea.

Mama hakusema kitu. Aliendelea kupika, kidogo kidogo, kwa uso mkavu. Siku ya tano akaja bibi kungwi wa mtaa, aliyewafunda nusu ya wanawake wa barabara ile na kuwasimamia ndoa zao. Akaketi kwenye lile benchi saa ya watu kwenda sokoni, wakati barabara imejaa. Akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kumwambia mama peke yake: "Nipe vya mia." Akatoa noti ya shilingi 200, akapokea chenji, akaishika juu kama anayekagua noti bandia. Kisha akatoa elfu moja yake, akasema hii ni ya mchezo wa upatu, inatakiwa kesho. Akaziweka pamoja kwenye ncha ya kanga, akapiga fundo, akalivuta kwa meno. "Fundo hili kesho nalifungua hapa hapa."

Kesho yake barazani kwetu kulikuwa na wanawake wasiopungua ishirini, kila mmoja na sababu yake. Mmoja kaja kuazima chumvi kwenye nyumba ambayo hajawahi kuingia tangu ahamie. Bibi akafungua fundo polepole, akahesabu kwa sauti, pesa ikatimia. Hakutaja uchawi, hakumtaja mtu. Alisema tu, "Haya, nipe tena vya mia."

Ijumaa sinia lilikuwa tupu saa moja asubuhi.

Na aliyeanzisha neno alijulikana. Kabla ya adhuhuri barabara nzima ilishajua ni nani, alimwambia nani, kisimani au sokoni, na kwa nini: naye alikuwa anakaanga maandazi mitaa miwili kutoka kwetu. Sikukuu ya Idi akaja na sahani iliyofunikwa, akaomba radhi. Mama akampokea, akamsamehe, na sahani akairudisha na kitu ndani kama ilivyo desturi, ingawa sisi watoto tulikatazwa kugusa kilicholetwa.

Nimesimulia kwa kirefu kwa sababu nikisikia watu wa semina wanasema siku hizi biashara inajengwa au kubomolewa na maneno ya watu mitandaoni, kana kwamba zamani ilijengwa na kitu kingine, nacheka. Vitumbua vya mama havikujiuza hata siku moja. Viliuzwa na midomo, vikauliwa na mdomo, vikafufuliwa na fundo la kanga. Tofauti naiona mahali pengine kabisa: neno lile lilikuwa na mwenyewe. Ukilifuata nyuma mlango kwa mlango, mwisho wake unamkuta mtu amekaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi.

Wamarekani nao walilifanyia utafiti jambo hili. Mwaka 1945 wanawake takriban 800 wa mji wa Decatur, jimbo la Illinois, waliulizwa nani huwashawishi katika manunuzi ya nyumbani, mitindo ya mavazi, sinema na mambo ya siasa. Matokeo yalitolewa na Elihu Katz na Paul Lazarsfeld mwaka 1955, na kwa ufupi ni haya: redio na magazeti yana nguvu ndogo kuliko mama fulani wa mtaa ambaye wenzake humsikiliza. Wakawapa kina mama hao jina la viongozi wa maoni. Bibi kungwi wetu angeshangaa kusikia kwamba hilo lilihitaji kutafitiwa.

Mimi nauza vitenge na kanga, Kariakoo. Nina kichumba cha juu kwenye jengo moja karibu na Mtaa wa Uhuru, upana wake ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na nina ukurasa wa Instagram ambao ndio duka lenyewe hasa. Jioni naingia laivu, napanga mzigo mezani, nakunjua kitenge kimoja kimoja, naita namba: "Namba saba, pisi yadi sita, imebaki moja, anayetaka aandike saba." Mwenye kuandika kwanza ndiye mwenye nacho. Asubuhi nafunga mizigo, naandika majina kwa kalamu nene, natuma kwa basi, napiga picha risiti na namba ya basi, namtumia mteja. Wa Mbeya anapata kesho yake. Wa Bujumbura anasubiri kidogo.

Ukiitazama biashara hii kwa jicho la mtu mzima ni maajabu. Mtu wa Mbeya hanijui, hajawahi kuniona zaidi ya mikono yangu kwenye laivu, na ananitumia hela kwa simu kabla hajagusa uzi. Nchi hii hii ambayo hakuna asiyewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii." Anachonunua mwanzo si kitenge. Ananunua maneno ya waliotangulia, na hayo ndiyo tunayaita ushuhuda: zile skrinshoti za mazungumzo, "dada mzigo umefika, mzuri kuliko picha, Mungu akubariki," tunazozibandika kwenye stetasi asubuhi na jioni kama dua.

Sasa nikiri. Mwaka wangu wa kwanza nilitengeneza ushuhuda wa uongo. Kazi yake ni rahisi kiasi cha kuaibisha: unachukua simu ya mdogo wako, unabadili jina na picha, unajiandikia mwenyewe, unajijibu, unapiga skrinshoti. Hata makosa ya tahajia niliyaweka kwa makusudi ili ionekane mtu kaandika haraka kwa furaha. Nilifanya mara tatu, nikaacha, si kwa ucha Mungu. Niliacha kwa sababu mteja mmoja aliuliza huyo aliyesema mzigo umefika Iringa saa nne asubuhi alipanda basi gani, maana basi linalotoka Dar alfajiri saa hiyo bado liko njiani. Wateja wa Kitanzania wanajua ratiba za mabasi kuliko wenye mabasi.

Nikajaribu na njia ya wakubwa. Nikamlipa mtu maarufu, mwenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa Tanga nzima, anitangaze. Hela yenyewe ilikuwa faida yangu ya miezi minne. Akabandika picha amejifunga kitenge changu kichwani, akaandika maneno matatu na moyo mmoja. Usiku ule wafuasi wapya elfu mbili na ushei wakanijia. Waliuliza bei, wakaandika "wow", wakaondoka. Nilichouza kutokana nao wiki nzima ni vitenge vinne. Watu walikuja kumwangalia yeye, na mimi nilikuwa ukuta aliosimama mbele yake.

Silaumu mastaa. Mwaka 2017 Diamond Platnumz aliingiza sokoni karanga zenye jina lake, Diamond Karanga, na jina lile lilikuwa na maana kwa sababu karanga zilikuwa zake. Zikiwa na mchanga, lawama ni yake. Kumkodi mtu aseme anakupenda kwa saa ishirini na nne ni jambo jingine. Anayeniletea wateja mpaka leo ni mama mmoja wa Temeke, mshereheshaji wa kitchen party, ambaye Instagram ana wafuasi mia tatu na kitu na nusu yao ni ndugu zake. Akisema kwenye kikao cha kamati "vitenge nendeni kwa yule binti wa Kariakoo," kikao kimefungwa. Simlipi. Akija dukani namwekea soda baridi, na kitenge kizuri kikiingia namfichia kimoja. Ananijua, nami namjua, na siku nikimwaibisha mbele ya kamati ataniambia usoni.

Hata huo mtindo wa kuandika "bei inbox" naona unatoka hapo hapo, kwenye kutaka kumjua mtu kwanza. Wenzangu watanichukia kwa kusema hivi, ila kila mtu anajua: muuzaji anataka kwanza aangalie picha yako ya wasifu, akadirie mfuko, ndipo ataje bei. Zamani tulikadiria kwa viatu.

Kanga zina adabu zake. Mteja wa kanga hushika pindo, hutazama mji, ile sehemu ya katikati, halafu husoma jina, yale maneno yaliyoandikwa, na mara nyingi jina ndilo linalouza doti nzima. Wa Mombasa na Lamu huanza na pembeni kabisa. Wanatafuta yale maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza Mombasa mwaka 1887. Wakiyakuta hawaulizi rangi inachuja au haichuji. Bibi zao walishauliza.

Na jina la kanga ni neno lenye mwenyewe kuliko maneno yote. Ukivaa "Hasidi hana sababu" ukapita mbele ya mlango wa mtu, umeituma meseji na umeifikisha kwa miguu yako, anayekusoma anakuona. Nina doti moja yangu, siiuzi: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Nilijinunulia baada ya mambo nitakayoyaeleza. Ni kanga nzuri, na maneno yake ni uongo mtupu kwa mtu yeyote anayefanya biashara.

Kabla ya hayo kulikuwa na usiku mmoja wa onyo ambao sikuuelewa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Jumatatu, kabla ya saa moja jioni, niko katikati ya laivu, namba kumi na mbili iko mkononi, simu ikaganda. Nikadhani bando. Nikaweka bando jingine. Nikazima nikawasha. Facebook, Instagram na WhatsApp zilikuwa zimezimika dunia nzima, na zilirudi baada ya saa sita hivi, usiku mkubwa. Nilikaa kwenye kile chumba na vitenge nimevikunjua kama mwenye wazimu anayejihutubia. Waliopiga simu ya kawaida usiku ule kuniuliza "dada vipi, ile saba yangu umeniwekea?" walikuwa sita. Sita, kati ya wafuasi elfu kumi na tisa. Majina yao niliyaandika kwenye daftari usiku ule ule, bila kujua kwa nini.

Agosti 2022 nikauza sare. Vitenge 46, vya upande wa bibi harusi, Mbagala. Aliyeagiza ni dada mkubwa wa bibi harusi. Rangi nyekundu ya damu ya mzee na maua meusi. Nilipokuwa nahesabu mzigo, vidole vyangu vilibaki na wekundu kidogo. Mtu wa vitenge anajua maana yake: rangi ya ziada haikusuuzwa kiwandani, na nyekundu ndiyo mchokozi mkubwa. Kuna kipimo cha dakika moja, unalowesha ncha, unasugua kwa kitambaa cheupe. Sikukifanya. Nilinawa mikono. Harusi ilikuwa imekaribia, hela nilishapokea, nikajiambia ni vumbi la jora.

Video ilikuwa ya sekunde kumi na tisa. Beseni la plastiki la bluu, mkono wenye hina unatumbukiza kitenge, unakikamua, na maji yanageuka mekundu kama ya kuchinjia kuku. Sauti ya yule dada, ya kuchoka zaidi kuliko ya hasira: "Jamani, sare zetu hizi hapa. Oneni maji." Akaiweka kwenye grupu la kamati. Mtu akauliza zimenunuliwa wapi, akajibu jina la ukurasa wangu. Mpaka hapo hakuna uongo hata chembe. Naomba mlizingatie hilo, kwa sababu wafanyabiashara tukipatwa huwa tunasema tumechafuliwa. Mimi sikuchafuliwa. Beseni lilisema kweli.

Kilichofuata ndicho sijui nikiite nini. Usiku ule video ilikuwa kwenye grupu la wazazi wa shule anayosoma mwanangu. Asubuhi ukurasa mmoja wa udaku ukaibandika na maandishi manene: TAPELI WA VITENGE AMLIZA BIBI HARUSI. Sikuwa nimemtapeli mtu na bibi harusi hakuwa amelia, alikuwa saluni. Adhuhuri nikasikia nimekula milioni tatu. Jioni nikasomewa na jirani, akicheka kwa woga, kwamba nimekimbilia Dubai. Nilikuwa jikoni kwangu Tabata nakaanga vitunguu.

Nilifanya upumbavu wote unaojulikana, kwa mpangilio. Nilimbloki yule dada. Nikafuta komenti, na kila niliyofuta ilizaa tatu: "Mbona anafuta? Basi ni kweli." Nikaandika "Taarifa kwa Umma" yenye nembo na aya nne, nikatumia maneno kama "kufuatia" na "tunapenda kuufahamisha umma", mimi, mwanamke mmoja na mkasi. Taarifa ile watu waliichekea kuliko video.

Usiku mama akapiga. Alikuwa ameshaiona, huko Tanga, kwenye simu ya mjukuu.

"Huyo mwenye beseni anakaa wapi?"

"Mbagala, mama."

"Na wewe?"

"Mama, si unajua, Tabata."

"Baina ya Tabata na Mbagala daladala zimekatika?"

Nikaenda kwanza kwa mzee ninayechukua kwake mzigo, Mpemba mmoja mwenye duka la jumla. Kwake nachukua mali kauli: jora zinatoka dukani kwa neno langu, nauza, narudisha hela yake siku tuliyopatana, karatasi hakuna. Nilihitaji vitenge 46 vingine juu ya deni ambalo bado sijalipa. Nilijua mwanawe ameshamwonyesha video, maana vijana wa dukani walikuwa wananiangalia kwa pembe ya jicho. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu. Akaitikia marahaba mwanangu, akaendelea kukata risiti ya mtu mwingine. Nikajieleza, nikajieleza sana. Alipomaliza kuandika akauliza swali moja: "Ijumaa pale pale?" Nikasema Ijumaa pale pale. Akamwita kijana apandishe ngazi. Jina langu kwa mzee yule lilikuwa Ijumaa zangu zote za miaka minne, na hakuna video iliyokuwa imezigusa.

Mara hii nilivipima vyote. Siku mbili, ncha kwa ncha, na shuka jeupe la kitandani kwangu. Vinne vilitia doa nikavirudisha.

Mbagala yule dada alinitolea kiti nje, akaleta soda. Nilitarajia matusi. Alikuwa na aibu kuliko mimi, akasema video alishaifuta kwenye grupu siku ile ile, hakujua itafika huko. Akaleta beseni lile lile la bluu. Akatumbukiza kitenge kipya mbele yangu na mbele ya majirani watatu waliokuja kuona "yule wa Dubai". Akakamua. Maji yakabaki maji, na povu kidogo. Akarekodi, akaiweka kwenye kamati, akaandika: "Dada kaja mwenyewe, kabadilisha zote, hajadai hata mia." Harusi ikafanyika, sare zikapendeza, wawili katika kamati ile ni wateja wangu hadi leo.

Ile video ya pili iliishia pale pale. Hakuna aliyeisambaza. Nani asambaze maji meupe?

Nikasema moyoni labda ni mimi na udogo wangu, kampuni kubwa zina mawakili. Siyo. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani, hawa wa sabuni, iliandamwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na uvumi kwamba nembo yake, mwezi wenye uso wa mzee na nyota 13, ni alama ya shetani. Zile nyota zilikuwa za makoloni 13 yaliyoanzisha Marekani. Intaneti ya watu wote haijafika. Uvumi ulitembea kwa vikaratasi vilivyorudufiwa na kwa midomo. Kampuni ikakanusha, ikashtaki, mwaka 1985 ikaamua kuiondoa nembo kwenye pakiti zake. Haukufa. Mwaka 1995 ukarudi kupitia ujumbe wa simu wa wasambazaji wa Amway, washindani wake, na ni mwaka 2007 ndipo jopo la mahakama huko Utah lilipowataka waliokuwa wasambazaji wanne walipe dola milioni 19.25. Zaidi ya miaka ishirini kumtafuta mwenye neno, kwa mawakili na hela zote zile. Sisi Ngamiani tulimpata kabla ya adhuhuri.

Penye mwenyewe mambo huwa mepesi. Julai 2015, Obama akijiandaa kwenda Kenya, CNN ikaiita nchi ile kitovu cha ugaidi. Wakenya wakaingia Twitter na #SomeoneTellCNN, na ukali wao wa ulimi mnaujua. Agosti mmoja wa wakuu wa CNN, Tony Maddox, akapanda ndege hadi Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta. Neno lilikuwa na anwani, likafuatwa, likajibu. Angekuwa ni mtu asiye na jina aliyetuma kwenye grupu la familia, Wakenya wangempigia nani kelele?

WhatsApp wenyewe wamelijua hili. Tangu Januari 2019 huwezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya watu au magrupu matano kwa mkupuo, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kutembea sana, unaokuja na mishale miwili, unasambazwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa mkupuo. Inasaidia kidogo. Lakini shangazi yangu wa Tanga ana magrupu yasiyopungua thelathini, kuanzia la ukoo hadi la upatu, na alasiri nzima hana kazi.

Nasema hivyo kwa sababu mwezi uliopita shangazi huyo huyo alinitumia video. Mishale miwili juu. Chini ameandika mtu, si yeye: "Tahadhari wanawake wenzangu, kuna muuza vitenge Kariakoo tapeli sana, ameshawaliza wengi, sambaza umwokoe mwenzio." Jina langu lilishadondoka njiani huko. La Mbagala halipo, la bibi harusi halipo, mwaka haupo. Hata ile sauti ya yule dada imefunikwa na muziki wa huzuni. Limebaki beseni.

Nikampigia. "Shangazi, hii umeipata wapi?"

"Imetumwa tu. Nikakukumbuka wewe mwanangu, maana ndiyo biashara yako. Uwe mwangalifu na watu wa namna hiyo."

Nikaiangalia tena, mara mbili. Mkono wenye hina, bluu ya beseni, ile sekunde ya nane ambapo wekundu unaanza kutoka kwenye ua jeusi. Nikamwambia, shangazi, beseni hilo nalijua, nimeshanywea soda pembeni yake. Akacheka akidhani namtania, akaniuliza kama nina kitenge chochote cha kijani cha kwenda nacho arusini Muheza, ila nimtumie kwanza picha nikiwa nimekilowesha.